Bahasha za Mzee Fakihi

Mtu wa kwanza kunipongeza alikuwa Mwanabaraka, muuza maandazi wa kona ya kwetu Tandika. Ilikuwa Ijumaa mchana, mwezi wa tano mwaka 1999, natoka shuleni na rundo la madaftari kwapani. Akaniita, akanishika mkono kwa mkono wake wenye unga, akasema, "Mwalimu, umefanya la maana. Siku hizi wanawake wakisikia Botswana wanawasahau hata waume zao. Wewe umekataa. Mungu akuzidishie."

Nikamwambia asante. Sikuwa nimemwelewa, lakini mtu akishakuombea Mungu huwezi kumwambia ngoja kwanza. Nilikuwa nimeshapiga hatua kama ishirini ndipo lile neno Botswana liliponifikia sawasawa. Mwanabaraka amejuaje habari ya Botswana? Tulioijua tulikuwa watatu tu: mimi, mume wangu Kasimiri, na Mzee Fakihi ambaye imeli zangu zilipitia kwake. Na mimi sikuwa nimekataa kitu chochote.

Niligeuza njia, nikaenda dukani kwa Mzee Fakihi na madaftari yangu hivyo hivyo.

Kwa asiyelijua duka lile, lilikuwa steshenari ya chumba kimoja karibu na soko. Mbele kulikuwa na mashine ya fotokopi, nyuma kompyuta moja iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Mzee Fakihi alifanya kazi posta miaka thelathini, akipanga barua, na alipostaafu akaona simu yake ya mezani ikiungwa na kompyuta inaweza kuleta imeli, akatufungulia mtaa mzima anwani moja. Moja tu. Tuliichukulia kama tulivyozoea sanduku la posta la shule au la msikiti: unampa ndugu yako wa ng'ambo anwani ya Fakihi, naye anaandika juu kabisa "Kwa Fulani wa Tandika", basi itakufikia. Asubuhi na jioni mzee alipiga simu yake, imeli zikaingia, akazichapa zote, akazitia kwenye faili jeusi lililokaa kaunta. Ukifika unafunua mpaka uione ya kwako.

Sasa ili uione ya kwako lazima upite za wenzako. Hapo ndipo mtaa ulipokuwa unakula. Tulijua mtoto wa nani ameoa London bila kumwambia mama yake. Tulijua Tusajigwe amefeli mtihani wa uuguzi huko India kabla baba yake hajajua. Yalisemwa bombani, yakasemwa saluni, na mhusika akipita watu wanaulizana habari ya mvua. Fundi redio Jamali alikuwa na hofu moja kubwa, kwamba kuna wakubwa mahali fulani wana mashine ya kusoma imeli za wananchi. Kila siku alituonya tusiandike siasa. Alituonya huku akilowesha kidole kwa mate na kufunua ukurasa wa pili wa imeli ya Tusajigwe.

Mimi nilikuwa nacheka. Nakiri hilo, maana wote tulicheka mpaka siku ilipotufikia wenyewe.

Nilifundisha hisabati shule ya sekondari, na mwanzoni mwa mwaka ule niliomba kazi katika shule moja huko Botswana, ambako walimu wengi wa kwetu walikuwa wanakwenda. Nilikuwa na sababu mbili za kuficha. Ya kwanza ni mkuu wangu wa shule: mwalimu akiomba kuondoka, asipohamishiwa mbali basi faili lake hupotea. Ya pili ni Kasimiri. Kabla sijaandika haya nilimwuliza Kasimiri mwenyewe, akaniambia andika, yameshapita. Kiwanda cha nguo alichokuwa fundi kilipata mwekezaji, na mwekezaji akawapunguza watu mia mbili. Kasimiri akiwemo. Mtaani hakumwambia mtu. Kila asubuhi saa kumi na moja na nusu alitoka na mkoba wake kama kawaida, akaenda Pugu ambako hajulikani, kufyatua matofali. Jioni alinawa mikono kwenye bomba la mtaa wa mbali kabla hajafika nyumbani. Ni yeye aliyesikia habari ya Botswana, ni yeye aliyenakili maombi yangu kwa mwandiko wake kwa sababu wangu ni mbaya, na tulikubaliana nitangulie, yeye abaki na watoto watatu, mwaka wa pili wanifuate.

Kwa hiyo nilimwendea Mzee Fakihi mapema. Nikampa shikamoo yake, nikamwomba kwa adabu zote: ikija imeli yangu kutoka Botswana asiitie kwenye faili, aniwekee kwenye droo. Akasema, "Hapana neno, Mama Edgar." Na baada ya hapo kila nikitoka shule nilipita. Wiki ya kwanza, bado. Wiki ya pili, bado. Wiki ya tatu akaniambia, "Bado, mwanangu. Mambo ya ng'ambo yanataka subira." Akanitazama machoni kabisa.

Ijumaa ile Mzee Fakihi hakuwepo. Tangu Jumatano alikuwa Kisarawe kwenye arobaini ya shemeji yake, na aliyebaki dukani ni binti yake mkubwa, Salma. Salma hakujua habari ya droo. Kilichoingia alikichapa, akakitia kwenye faili jeusi kama utaratibu ulivyo. Nilipofika, Jamali alikuwa amelifungua kwenye ukurasa wenyewe, na aliponiona akalisogeza kwangu kwa heshima kubwa.

Ilitoka shule ya Botswana. Walisema wamepokea jibu langu la kukataa nafasi. Walisema wamesikitika, lakini wanaheshimu uamuzi wangu wa kukaa karibu na mume wangu na watoto, na wananitakia heri. Chini yake ilikuwepo ile barua yao ya kwanza, ya tarehe kumi na mbili mwezi wa nne: nimepata kazi, nijibu ndani ya wiki mbili, nyumba ipo.

Niliisoma mara tatu. Hesabu ni fani yangu, na hesabu ile haikuwa ngumu. Barua ilifika siku ya kwanza ya zile wiki tatu alizokuwa ananiambia bado.

Nikamwambia Salma anifungulie zilizotumwa. Akasita, akasema baba hapendi watu waguse. Nikamwambia sitagusa, nitasoma. Kabla hajaamua, Mzee Fakihi mwenyewe akaingia na kanzu yake ya safari na mfuko wa ndizi alizotoka nazo Kisarawe. Akaona faili, akaniona mimi, akaelewa. Wala hakushtuka. Akaweka ndizi chini taratibu, akaniuliza nimeshindaje.

"Shikamoo," nilisema, kwa sababu mdomo umezoea. Halafu nikamwuliza kama ni yeye aliyejibu.

"Ni mie," akasema. "Salma, mchapie mwalimu aisome. Sina cha kuficha."

Salma akachapa. Naomba nikutafsirieni, maana aliandika kwa Kiingereza cha posta ya zamani, kilichonyooka kama mstari wa rula. Kilichoniuma ni kwamba ilikuwa barua nzuri. Iliwashukuru. Ilisema kuwa nimetafakari sana, nimeomba ushauri kwa wazee wangu, na nimeona kwamba mama wa watoto watatu hana ugenini pa kwenda akamwacha mume anayemtunza. Iliwaombea wampate mwalimu mwingine mwema. Na chini kabisa, jina langu, Felicitas. Majina yangu yote mawili, na cheo, na shule ninayofundisha. Hata mimi nisingejua si mimi.

Wakati huo watu walikuwa wamejaa. Mwanabaraka alikuwa amenifuata na sinia lake la maandazi. Sauti yangu nikaishika kwa nguvu zote isije ikapasuka.

Nikamwuliza nani alimpa ruhusa ya kusoma.

"Nani anipe ruhusa?" akasema, bila hasira, kama anavyomweleza mteja bei ya fotokopi. "Miaka thelathini nimeshika barua za watu, mwanangu. Kuna barua zilikuwa na harufu ya manukato, kuna zilizokuwa na hela ndani unaiona kabisa. Sijafungua hata moja. Kwa nini? Kwa sababu barua ina bahasha. Mwenyewe kailamba, kaifunga, kasema hii si yako. Hii ya kompyuta inakuja uchi. Aliyeiandika angetaka isisomwe angeifunga."

"Nilikuomba uiweke droo."

"Hapo ndipo niliposhtuka," akasema, na watu wakaguna kumuunga mkono. "Wenzako wote barua zao zipo kwenye faili, hawana wasiwasi. Mke wa mtu anakuja peke yake, anataka ya kwake ifichwe. Naisoma, nakuta anataka kumwacha Kasimiri wa watu na watoto, aende nchi asikojulikana. Ningekuwa mzee gani nikikupa tu, nikae kimya?"

Kumbe kosa langu lilikuwa hilo. Ningeacha barua yangu ikae wazi, ishikwe na kila mwenye mafuta mkononi, ningekuwa mtu safi. Nilipoomba siri nikawa mhalifu, na hakimu alikuwa anakaa nyuma ya mashine ya fotokopi.

"Ulimwuliza Kasimiri?"

"Nimwulize nini? Nimwaibishe? Niliyamaliza yaishe kimyakimya. Nimekusitiri, Mama Edgar. Kama si huyu binti, hata wewe usingejua."

Amenisitiri. Jamali naye akalidaka neno lile, akasema kweli mwalimu, mzee kakusitiri, wengine wangekwenda kumwambia mumeo. Mwanabaraka akatikisa kichwa kwa huruma. Hasira iliyonipata siku ile sijawahi kuipata tena. Nilitaka kuichukua ile kompyuta na kitambaa chake niibwage barabarani.

Na nilikuwa na jibu. Sentensi moja tu ingetosha: mume wangu ndiye aliyenituma, hana kazi tangu mwezi wa kumi na moja, kila siku yuko Pugu kwenye matofali, na barua ile ilikuwa ugali wa watoto wetu. Ningeisema, Mzee Fakihi angeinamisha uso, na duka zima lingenyamaza. Ilikuwa imeshafika kwenye ulimi. Nikamtazama Jamali na kidole chake chenye mate, nikamtazama Mwanabaraka na sinia lake, nikaona Kasimiri kesho asubuhi anapita na mkoba wake mbele ya kona ile na watu wanaulizana habari ya mvua.

Nikaimeza. Ilikuwa chungu, na nilijua kwamba nikiimeza nimeshindwa mbele yao.

Nikasema tu, "Mzee Fakihi, umeiba jina langu."

Sikupaza sauti. Lakini neno la wizi kwa mzee wa watu aliyetoka arobaini lilikuwa kubwa kuliko yote aliyoyafanya yeye. Akashika kifua. "Mie mwizi? Mie?" Jamali akaniambia niombe radhi. Mwanabaraka akaniambia hasira hasara, niombe radhi. Hata Salma, aliyekuwa ananionea huruma, alisema mwalimu jamani. Nikazichukua zile karatasi mbili, nikayabeba madaftari yangu, nikatoka. Sikuaga. Nyuma nilisikia wanampa mzee kiti.

Kasimiri alifika magharibi. Nilimpa karatasi kabla hajakaa. Akazisoma zote mbili akiwa amesimama, na nikaona saruji imebaki pembeni mwa kucha zake, kwa hiyo siku ile hakupita bombani.

"Ungewaambia," akasema.

"Ningewaambia nini?"

"Ukweli. Kwamba mie ndiye niliyekutuma."

"Wangeuliza kwa nini."

Aliziweka karatasi mezani. Akaenda uani akanawa mikono, akanawa tena, na aliporudi akaniuliza kama watoto wameshakula.

Jumamosi nikapanda basi kwenda mjini, ambako zilikuwa zimefunguliwa intaneti kafe za kulipia kwa saa. Nilitaka anwani yangu mwenyewe, ya mtu mmoja, niwaandikie Botswana kwamba jibu lile halikuwa langu. Dada wa kaunta, Najma, alinisaidia kwa upole. Tukajaza jina, tukajaza nchi, tukafika pahala kompyuta inapotaka neno la siri.

"Niambie nikuandikie," akasema Najma.

Nikamwuliza nimwambie nani.

"Mie. Nilitaje kwa sauti kidogo, feni ina kelele. Halafu nitakuandikia kwenye daftari hapa, maana nyie mnasahauga." Daftari lilikuwa wazi mezani. Jina la mteja mkono wa kushoto, neno lake la siri mkono wa kulia, kurasa kwa kurasa, kwa wino wa bluu.

Nilimwomba asogee. Alisogea, akanuna. Nikaliandika kwa kidole kimoja huku nimekinga kibodi kwa mkoba, kama mwanafunzi anayemficha mwenzake mtihani. Halafu nikaandika barua yangu. Niliandika kwa uchungu, na Kiingereza changu si kizuri kama cha Mzee Fakihi. Niliposoma tena niliona ukweli unaonekana wa kubahatisha, na ule uongo wake ulikuwa umekaa vizuri.

Jumatatu mkuu wa shule aliniita ofisini. Alikuwa ameshasikia, maana mke wake husuka nywele saluni ya pale sokoni. Akasema amefurahi kuwa sikwenda, walimu wazalendo wamebaki wachache. Akaniongezea vipindi sita. Nilitoka ofisini nikaenda kusimama nyuma ya jiko la shule mpaka kengele ya kipindi ikalia.

Jumamosi iliyofuata nikarudi mjini, nikakuta jibu. Lilikuwa fupi. Walisema wamepata barua mbili kwa jina langu kutoka anwani mbili, moja inakataa na moja inakubali, na hawana njia ya kujua mwenyewe ni yupi. Mkurugenzi wao angekaa aamue. Kwa usalama wa mwombaji, walisema, uamuzi wangeutuma kwenye ile anwani iliyomo ndani ya faili langu tangu mwanzo.

Nilikaa mbele ya kioo kile mpaka saa yangu ikaisha na Najma akaja kuniambia. Kwao Fakihi ndiye Felicitas. Mimi nilikuwa mtu fulani wa mjini anayejifanya yeye.

Wiki ile ikapita, na ya pili yake. Dukani sikukanyaga. Lakini habari zilinifikia, maana kwetu lazima zikufikie. Mzee Fakihi alikuwa ameumia kwa neno nililomwambia, hakulala siku kadhaa, na alikuwa ameamua kuusafisha utumishi wake. Lile faili jeusi aliliondoa. Akanunua bahasha za kaki, katoni nzima. Sasa kila imeli iliyoingia aliichapa, akaikunja, akaitia kwenye bahasha, akaipaka gundi na kuandika jina la mwenyewe. Watu walisema mzee ni muungwana, ametukanwa na badala ya kujibu ameleta maendeleo. Jamali alisema sasa hata wakubwa hawatapata kitu. Hakuna aliyeuliza anachapaje bila kuona.

Alhamisi moja jioni, Kasimiri ndiyo kwanza ameingia, mtu akabisha hodi. Alikuwa Salma. Akanipa shikamoo, nikaitika. Alikuwa na bahasha ya kaki ameibana kifuani, akasema baba yake amemtuma aniletee mkononi mwangu, asiione mtu mwingine.

Akanipa kwa mikono miwili, amepiga goti kidogo kama walivyomlea. Juu kulikuwa na mwandiko ule mzuri wa posta: jina langu lote, cheo changu, na pembeni, kwa herufi kubwa zilizopigiwa mstari chini, KUTOKA BOTSWANA. SIRI.

Kasimiri alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wake bado begani. Salma akamtazama yeye, akanitazama mimi, machozi yakamlengalenga.

"Poleni sana, mwalimu," akasema.

Nikaigeuza bahasha. Gundi ilikuwa bado mbichi.